Kabla ya Kumwita Mtoto Mzito

Darasa la Kwanza lenye watoto 80 linaposoma kwa pamoja, hakuna asiyejua kusoma. Mwalimu anagonga ubao kwa kijiti, sauti zinapanda: ba, be, bi, bo, bu. Aliyekaa nyuma karibu na dirisha anaudaka mdomo wa jirani yake, nusu ya pumzi baadaye, na kwa mgeni anayepita varandani wote wameiva. Ni mpaka siku mwalimu atakapomwita mbele peke yake, aweke kidole kwenye neno moja katikati ya ukurasa, ndipo itakapojulikana kwamba mtoto ameukariri ukurasa mzima kwa kuusikia na herufi zenyewe hazitambui.

Mtoto wa namna hiyo hachelewi kupewa jina. Mzito huyu. Mvivu. Kichwa maji. Nyumbani watasema amemrithi mjomba wake, ambaye naye shule ilimshinda na leo ana duka lake na maisha yanakwenda. Mwalimu anaamini mama hafuatilii. Mama anaamini mwalimu hafundishi. Miaka miwili, mitatu inapita hivyo, kila upande ukimsubiri mwenzake aanze, na mtoto aliye katikati anazidi kuwa hodari wa kujificha.

Mjadala wa elimu maalum katika Afrika Mashariki huwa unaanzia mwisho. Watu huuliza shule ipi ina kitengo, bweni lipi lina nafasi, mwalimu aliyesomea Chuo cha Patandi kule Arusha yuko wilaya gani. Ni maswali ya haki, na majibu yake bado ni haba. Lakini kabla ya hayo kuna maswali madogo yasiyohitaji bajeti wala kibali, na ndiyo yanayorukwa mara nyingi zaidi: huyu mtoto anasikia? Anauona ubao? Shule inayomwona mtoto hana akili kabla ya kuyajibu maswali hayo mawili inahukumu bila ushahidi. Na mzazi anayeipokea hukumu hiyo kimya kimya, kwa kuwa imetoka kwa msomi, anaitia muhuri.

Masikio kwanza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 60 ya upotevu wa usikivu utotoni hutokana na sababu zinazozuilika, na mojawapo ni ile ambayo kila mama wa mitaa hii ameiona: sikio linalotoa usaha. Wengi huliacha wakiamini litakauka lenyewe. Wengine hudondoshea mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto kidogo, kwa ushauri wa bibi. Sikio linalotoa usaha kwa zaidi ya wiki mbili limeshakuwa na ugonjwa sugu. Linahitaji kukaushwa kwa utambi wa kitambaa safi, dawa ya matone, na mhudumu wa afya wa kulichungulia. Likiachwa, kiwambo chake hubaki na tundu na usikivu hushuka taratibu.

Kushuka taratibu ndiko kunakowachanganya watu. Mtoto anayesikia nusu hafanani na kiziwi. Anaitikia jina lake likiitwa kwa nguvu, anacheka wenzake wakicheka, anacheza mpira na kugombana vizuri tu. Kinachompita ni sauti ndogo ndogo: hajui kama mwalimu amesema "pata" au "kata", na mwalimu akigeukia ubao huku anaongea, midomo aliyokuwa akiisoma imekwenda. Mvua ikipiga bati hasikii chochote, ingawa mvua ikipiga bati, nani anasikia?

Mwalimu mwenye busara hamwiti mzazi kuja kumwambia kwamba mwanawe ana tatizo. Anauliza.

"Mama Neema, huko nyumbani ukimwita akiwa amekupa mgongo, anageuka?"

Mama atafikiri kidogo. "Sasa ukisema hivyo, Mwalimu… Redio huwa anaikumbatia kabisa. Nikimtoa analia. Nilidhani ni utundu."

Mazungumzo ya namna hiyo hayamalizi dakika tano, na yanatoa habari ambayo shule isingeipata kwa mitihani ya mwaka mzima. Mama alikuwa na nusu ya habari, mwalimu alikuwa na nusu nyingine: kwamba mtoto haandiki imla hata neno moja, lakini akinakili kutoka ubaoni mwandiko wake ni safi kuliko wa wengi. Ukiziweka nusu hizo mbili pamoja, safari inayofuata ni ya zahanati.

Macho ni rahisi zaidi. Chati yenye herufi E iliyogeuzwa pande zote nne, umbali wa mita 6 uliopimwa kwa kamba, na mtoto anayeonyesha kwa vidole miguu ya E imeelekea wapi. Hata asiyejua kusoma anapimika. Katika Kaunti ya Trans Nzoia nchini Kenya, daktari wa macho Hillary Rono na wenzake walilifanyia jambo hili utafiti uliochapishwa mwaka 2018. Shule 50 zilishiriki, zenye wanafunzi zaidi ya 20,000. Waliopima hawakuwa madaktari. Walikuwa walimu wale wale wa shule hizo. Nusu ya shule zilitumia programu ya simu iitwayo Peek, nusu nyingine zikafuata njia ya kawaida ya chati na karatasi ya rufaa.

Ukisoma matokeo yake, simu yenyewe si habari kubwa. Katika shule za njia ya kawaida, ni asilimia 22 tu ya watoto waliopewa rufaa waliofika hospitali. Katika shule za programu walifika asilimia 54. Kilichotofautisha ni namna mzazi alivyofikiwa: alipelekewa picha iliyochapishwa, ikimwonyesha jinsi mwanawe anavyouona ubao, ukungu mtupu, na jinsi unavyopaswa kuonekana, kisha ujumbe mfupi wa simu ukamkumbusha siku ya kwenda kliniki. Karatasi ya rufaa ilimpa mzazi amri. Picha ilimpa sababu.

Na bado karibu nusu hawakufika. Anayewajua wazazi wa vijijini hatauliza kwa nini. Kwenda hospitali ya wilaya ni nauli ya watu wawili na kibarua cha siku nzima kilichopotea, na hapo miwani yenyewe haijanunuliwa. Kamati ya shule inayoweza kuchangisha pesa za mahafali ya Darasa la Saba inaweza pia kuchangisha nauli ya watoto wanne.

Ushahidi wa mama una uzito kuliko walimu wengi wanavyodhani. Kuna chombo cha uchunguzi kiitwacho Maswali Kumi, cha watoto wa miaka 2 hadi 9, ambacho hakina mashine wala mtihani: anaulizwa mzazi tu. Alichelewa kukaa, kusimama au kutembea? Anaona vizuri, mchana au usiku? Anasikia? Ukimwambia jambo anaelewa? Huwa anapatwa na degedege, anakakamaa au kupoteza fahamu? Anajifunza kazi kama watoto wa rika lake? Anaongea akaeleweka na wasio wa nyumbani? Watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, waliwatumia wazazi kuwachunguza kwa maswali hayo watoto zaidi ya 10,000 wa miaka 6 hadi 9, kisha wataalamu wakaendelea na vipimo. Hesabu yao ya mwisho ilikuwa watoto 61 katika kila 1,000 wenye kasoro ya kati au kubwa ya mfumo wa fahamu, kifafa kikiongoza.

Kama watoto wote hao wangekuwa shuleni, darasa la watoto 80 lingekuwa na wastani wa watano.

Kifafa hicho si lazima kiwe cha kuanguka na kutoa povu, kile ambacho darasa zima hukimbia kwa kuamini kinaambukiza (hakiambukizi). Kipo cha kuduwaa: mtoto anakodoa macho sekunde chache, kalamu imesimama, halafu anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, ila sentensi mbili za mwalimu zimeshampita. Ikijirudia mara nyingi kwa siku, somo linabaki kwake kama gazeti lililoguguniwa na panya. Mwalimu anaandika kwenye ripoti, "Ana mawazo mengi, aongeze bidii." Bidii haina kazi hapo; dawa ipo, na kwa watoto wengi inafanya kazi.

Historia ya afya ya mtoto mama anayo kichwani. Anajua kwamba siku ya kuzaliwa mtoto alichelewa kulia. Anajua aligeuka manjano wiki ya kwanza na wakamweka juani. Anajua alilazwa na malaria kali akiwa na miaka mitatu, akapoteza fahamu siku mbili, akarudi nyumbani kila mtu akimshukuru Mungu. Tafiti zilizofanyika Kilifi na Kampala zinaonyesha kwamba karibu mtoto mmoja kati ya wanne wanaopona malaria iliyopanda kichwani hubaki na athari katika uelewa, lugha au kumbukumbu. Lakini siku ya kuandikisha shule mama huyo anaulizwa cheti cha kuzaliwa na namba ya simu. Kadi ya kliniki, yenye nusu ya majibu, imebaki kabatini.

Kwa hiyo mzazi mwenye wasiwasi na mwanawe asisubiri kuulizwa. Achukue daftari la kawaida la shule, aandike tarehe na alichokiona: leo ameshindwa kufunga kamba za viatu, leo amesahau njia ya dukani aliyoipita jana, leo amehesabu embe hadi 12 bila kukosea. Yale anayoyaweza yaandikwe kwa wino ule ule kama yale yanayomshinda. Akifika mbele ya mwalimu au daktari, ambaye ana dakika saba na foleni ndefu mlangoni, daftari la miezi mitatu litasema mengi kuliko "Daktari, mtoto wangu sijui yukoje."

Kuna familia ambazo hazifiki huko, na si kwa uvivu. Mama wa mtoto mwenye usonji au mtindio wa ubongo ameshaambiwa na wakwe kwamba kwao hakuna damu ya namna hiyo. Ameshapita kwa mganga, ameshapita kwenye maombezi, na mara nyingi amefanya hivyo huku akiendelea na kliniki, kwa sababu anayetafuta nafuu ya mwanawe hachagui mlango. Baba katika hadithi hizi ana tabia ya kupungua polepole: kwanza anaacha kuja kwenye vikao, baadaye anaacha kutuma pesa, mwisho anahama. Mwalimu anayemdhihaki mama kwa ajili ya hirizi iliyo shingoni mwa mtoto ameufunga mlango mmoja uliokuwa wazi. Hirizi haizuii mtoto kukaa dawati la mbele.

Dawati la mbele lenyewe halingoji cheti cha daktari. Hapo ndipo shule nyingi hujifunga mikono bure. Zinasema haziwezi kumsaidia mtoto mpaka atakapopimwa na kujulikana ana nini, na kupimwa kwenyewe kunangoja gari la halmashauri. Lakini mwalimu hahitaji jina la ugonjwa ili amwangalie mtoto usoni anapozungumza, amwandikie maandishi makubwa, ampe maswali matano badala ya 20 ya aina ile ile, amruhusu kujibu kwa mdomo pale mkono unapokataa, au amweke na mwenzake mtaratibu atakayemnong'oneza maelekezo. Mtoto asiyeweza kutulia anaweza kupewa kazi ya kugawa madaftari, apate sababu ya halali ya kusimama. Ikigundulika baadaye kwamba hakuwa na shida yoyote, hakuna aliyepata hasara.

Walimu watakumbusha idadi, na wana haki. Kiwango rasmi cha Tanzania ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 katika shule ya msingi, na 25 katika darasa la awali. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, na uandikishaji ukaruka, shule nyingi za mijini zinakiona kiwango hicho kwenye makaratasi tu. Si haki kumtwisha mwalimu wa watoto 100 mzigo wa kuwa pia daktari, mwanasaikolojia na mlezi. Hata hivyo mtoto asiyesikia yumo darasani humo humo, iwe mwalimu ana nafasi naye au hana, na mambo yaliyotajwa hapo juu mengi yanakula muda kidogo kuliko kuchapa.

Kuchapa nako kuna haja ya kusemwa wazi. Kenya ilipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni mwaka 2001. Kanuni za Tanzania bado zinairuhusu, viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mwalimu mkuu na kwa makosa mazito ya nidhamu. Kushindwa kusoma hakujawahi kuwa kosa la nidhamu katika kanuni hizo, na mtoto aliyechapwa kwa sababu hakusikia swali hatasikia zaidi kesho yake. Atajifunza kutokuja. Mzazi anayemwambia mwalimu "mchape tu, huyu ni mkaidi" ajue kwamba ameondoa kizuizi cha mwisho.

Yupo pia mtoto ambaye masikio na macho yake ni mazima, anaongea vizuri, anajua bei za vitu vyote sokoni, ila maandishi hayamkai. Huyo ndiye anayeonewa zaidi kwa sababu hana dalili ya kuonekana. Ugumu huo wa kusoma, ambao wataalamu huuita disleksia, una sura yake katika Kiswahili. Lugha inayoandikwa kama inavyotamkwa humpa mtoto nafuu: akizishika silabi, atafika mwisho wa neno. Tafiti za lugha nyingine za aina hiyo, kama Kiitaliano na Kifini, zimeonyesha kwamba mtoto mwenye disleksia huko hakosei sana, anachelewa. Husoma sahihi, lakini kwa kukokota, silabi baada ya silabi, hata akifika nukta amesahau alikoanzia. Mwalimu anayepima kwa makosa peke yake hatamgundua. Kisha mtoto huyo anafika kwenye Kiingereza, ambacho maandishi na matamshi yake hayaelewani, na anazama ghafla. Watu wanasema sekondari imemharibu.

Wapo watoto ambao dawati la mbele haliwatoshi, na kwao tathmini ya kitaalamu haina mbadala. Kenya ilitangulia katika hili: mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, ilianza vituo vya tathmini na nyenzo za elimu vinavyojulikana kama EARC, na mwaka 1986 ikaanzisha taasisi ya elimu maalum, KISE, jijini Nairobi. Mzazi wa Kenya ana mahali penye jina pa kumpeleka mtoto, hata kama safari ni ndefu. Tanzania ina Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26 na ina maofisa wa elimu maalum katika halmashauri, lakini muulize mzazi yeyote kwenye kikao cha shule ofisi hiyo iko wapi. Mwalimu mkuu angeweza kuanza kwa kubandika jina la ofisa huyo na namba yake ya ofisi kwenye ubao wa matangazo, pale panapobandikwa orodha ya wasiolipa michango ya uji.

Shule maalum zenyewe zina historia ndefu, nyingi zikianzia mikononi mwa makanisa: Buigiri huko Dodoma kwa wasioona mwaka 1950, Tabora kwa viziwi mwaka 1963. Uhuru Mchanganyiko jijini Dar es Salaam imewasomesha wenye ulemavu na wasio nao katika uwanja mmoja kwa miongo mingi, kabla ya mkutano wa Salamanca wa mwaka 1994, kule Hispania, kuifanya elimu jumuishi kuwa ajenda ya dunia. Wapo wanaoisoma ajenda hiyo kana kwamba inaamuru kila mtoto aketi katika darasa la kawaida. Kwa mtoto kiziwi, hilo linaweza kuwa upweke wa siku nzima. Anahitaji watu wanaozungumza lugha ya alama, wakubwa kwa wadogo, wenye kutaniana na kugombana kwa mikono. Na darasa ambalo hakuna hata mmoja anayeijua haligeuki kuwa jumuishi kwa sababu yeye yumo. Mzazi wake naye ana kazi ambayo hakuna shule itakayomfanyia: kujifunza alama hizo. Mtoto anayerudi likizo katika nyumba isiyojua kusema naye chochote zaidi ya "kula" na "njoo" ni mgeni kwao.

Bweni, basi, lisiwe jibu la kwanza. Tanzania ina somo lake chungu katika hili. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliposhika kasi kuelekea mwaka 2010, watoto walikusanywa kwa ajili ya usalama wao katika vituo na shule kama Buhangija mkoani Shinyanga, Mitindo kule Misungwi na Kabanga huko Kasulu. Ilikuwa lazima, maisha yao yalikuwa hatarini. Lakini wengine walikaa miaka bila kutembelewa na mtu wa kwao, katika mabweni yaliyofurika, wakisoma kwenye shule za wasioona ilhali wao wanaona. Mtoto mwenye ualbino kwa kawaida ana uoni hafifu na macho yanayoumizwa na mwanga; akipata kofia, miwani inayofaa, maandishi makubwa, kiti kilicho mbali na dirisha lenye jua na ruhusa ya kuusogelea ubao, shule ya kijijini kwao inamtosha. Abdallah Possi, mwanasheria na mhadhiri mwenye ualbino, aliteuliwa naibu waziri mwaka 2015 na baadaye balozi nchini Ujerumani.

Shule binafsi zina aibu yake peke yake. Mzazi anaitwa ofisini, anakaribishwa chai, anaambiwa kwa upole kwamba "mazingira yetu hayamfai mtoto". Maana yake ni kwamba wastani wa shule utashuka. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule kumi bora, uamuzi mzuri ambao mabango kwenye malango ya shule bado hayajausikia. Mzazi akiambiwa hivyo aombe maelezo kwa maandishi: mtoto ameshindwa nini, shule imejaribu nini, kwa muda gani. Mara nyingi ombi hilo peke yake hubadilisha mazungumzo.

Maandishi yanahitajika kwa sababu nyingine pia. Katika mitihani ya taifa ya Tanzania, watahiniwa wenye mahitaji maalum huongezewa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Wenye uoni hafifu hupata karatasi za maandishi makubwa, wasioona hupata za nukta nundu. Kenya huongeza dakika 30. Nafuu hiyo haiombwi asubuhi ya mtihani. Inamfikia yule ambaye shule yake ilimwandikisha kwa hali yake, na shule humwandikisha yule inayemjua. Mtoto aliyeitwa mzito kwa miaka saba anaingia chumba cha mtihani na karatasi yenye herufi ndogo na saa ile ile ya wenzake.

Uandikishaji wa darasa la awali na la Kwanza nchini Tanzania huanza Oktoba. Wazazi huja wenyewe, bila kuitwa, wakiwa wamewashika watoto mkono. Hakuna siku nyingine katika mwaka ambapo shule inawapata wote wawili pamoja, tena ikiwa na kalamu mkononi. Zipo halmashauri ambazo zimewahi kupeleka wataalamu kuwabaini watoto wenye mahitaji maalum kabla ya kuandikishwa, na hilo lingepaswa kuwa desturi ya kila kata kila mwaka badala ya habari ya kupigwa picha. Meza moja ya ziada inatosha kuanzia: mhudumu wa zahanati mwenye kifaa cha kuchungulia sikio, chati ya E ukutani, mwalimu mmoja mwenye yale maswali kumi na kadi ya kliniki mbele yake. Mtoto atakayekutwa na usaha sikioni siku hiyo atakuwa na miezi mitatu ya matibabu kabla ya shule kufunguliwa Januari.